Wosia wa Merce Cunningham

Martha Graham alipofariki Aprili 1991, akiwa na umri wa miaka 96, aliacha kundi la dansi, shule, na tungo zilizokuwa zimeigeuza dansi ya Marekani. Wosia wake ulimrithisha rafiki yake, Ron Protas, kila kilichokuwa mali yake. Shida ilianzia hapo hapo, maana hakuna aliyekuwa na hakika ni kipi hasa kilichokuwa mali yake. Je, dansi ni ya mtunzi, au ni ya taasisi iliyokuwa ikimlipa mshahara alipokuwa akiitunga? Ugomvi baina ya Protas na viongozi wa taasisi ulizidi kuwa mkali hata mwaka 2000 kundi likasimamisha kazi. Watu waliotumia ujana wao kuzibeba dansi zile miilini mwao wakajikuta hawana ruhusa ya kuzicheza. Shauri likaenda mahakamani New York, na mwaka 2002 jaji akaamua kwamba, kati ya dansi 70 zilizogombaniwa, 45 ni za taasisi. Kundi likapata uhai tena, lakini baada ya miaka ya hasara na uchungu.

Katika mwaka huohuo wa 2000, katika jiji hilohilo, mzee mmoja aliyewahi kuwa mchezaji wa Graham aliunda wakfu wa kushika hakimiliki za dansi zake mwenyewe. Jina lake Merce Cunningham, na wakati huo alikuwa na miaka 81. Miaka tisa baadaye alikwenda mbali zaidi: alikubali mpango wa kulifunga kundi lake yeye atakapokuwa hayupo. Si kulikabidhi kwa mrithi, wala kuliacha lijifie polepole, bali kulifunga kwa tarehe maalumu, baada ya kuhakikisha kwamba dansi zitabaki. Nimeutafakari sana uamuzi huo. Naona ni wa haki kuliko mwingine wowote uliowahi kufanywa na mtunzi wa dansi, na pia naona ulikuwa na gharama ambayo haisemwi vya kutosha.

Cunningham alizaliwa tarehe 16 Aprili 1919 katika mji mdogo wa Centralia, jimbo la Washington, mtoto wa wakili. Dansi yake ya kwanza ilikuwa ile ya kupiga viatu sakafuni, aliyofundishwa na Maude Barrett, mwanamama aliyekuwa amestaafu kazi ya sarakasi na maonyesho. Alisoma Seattle katika shule ya Cornish, na huko mwaka 1938 akakutana na mwanamuziki John Cage, aliyekuja kupiga piano madarasani. Mwaka uliofuata Graham akamchukua New York, naye akawa mwanamume wa pili tu kuingia katika kundi lake. Alikuwa na mruko ambao watu waliouona waliuzungumzia kwa miongo. Mwaka 1944, dansi ya Graham iitwayo Appalachian Spring ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Washington, Cunningham ndiye aliyecheza nafasi ya mhubiri.

Lakini dansi za Graham zilisimulia visa. Kila mkono ulioinuliwa ulikuwa na huzuni au hamu nyuma yake. Cunningham alitaka mkono uinuliwe kwa kuwa ni mkono. Aprili 1944 yeye na Cage walifanya onyesho lao la kwanza la pamoja, na mwaka mmoja baadaye akaondoka kwa Graham. Kundi lake mwenyewe lilizaliwa kiangazi cha mwaka 1953 katika chuo cha Black Mountain, North Carolina, chuo kidogo kisicho na fedha ambako wachoraji, washairi na wanamuziki waliishi na kula pamoja. Miongoni mwa wachezaji wa mwanzo walikuwemo Carolyn Brown, Viola Farber, Remy Charlip na Paul Taylor. Cage akawa mkuu wa muziki, na mwaka 1954 mchoraji Robert Rauschenberg akaanza kutengeneza maleba na mandhari.

Mawazo waliyokuja nayo yalikuwa matatu, na yote yalikuja kuathiri namna dansi hizi zinavyohifadhiwa leo.

La kwanza, dansi na muziki ni vitu viwili vinavyokaa katika muda mmoja, basi. Cage alitunga chumbani kwake, Cunningham akatunga studioni, wakakubaliana urefu wa dakika tu. Wachezaji walifanya mazoezi kimya, saa ya kupimia sekunde mkononi mwa Cunningham, na mara nyingi waliusikia muziki kwa mara ya kwanza usiku wa onyesho lenyewe. Mchezaji hakuweza kuuegemea mdundo. Ilimlazimu abebe muda ndani ya misuli yake, na amsikie mwenzake aliye nyuma yake bila kumtazama.

La pili ni bahati nasibu. Kuanzia dansi ya Sixteen Dances ya mwaka 1951, Cunningham alirusha sarafu na kutumia I Ching, kitabu cha kale cha Kichina chenye alama 64, ili kuamua hatua gani ifuate ipi, wachezaji wangapi waingie, waelekee wapi, wakae jukwaani kwa muda gani. Msomaji wa pwani anaweza kufikiria ramli, lakini nia ilikuwa nyingine kabisa. Cunningham hakutaka kujua yajayo. Alitaka kuikwepa mikono yake mwenyewe, maana kila mtunzi ana mazoea yanayomrudisha pale pale. Sarafu ikishaamua, hakukuwa na kubahatisha tena: hatua ziliandikwa, zikafunzwa, zikarudiwa mpaka zikawa sahihi kabisa. Watu wengi hulikosea jambo hili wakadhani wachezaji wake walikuwa wakijibunia jukwaani. Kwa kawaida hawakubuni chochote.

La tatu ni kwamba jukwaa halina katikati. Cunningham alisoma maneno ya Einstein kwamba hakuna nukta zisizosogea katika anga, akayachukua kama maagizo ya kazi. Mchezaji anaweza kuelekea popote, kona ya nyuma ina uzito sawa na mbele, na mtazamaji huchagua mwenyewe amtazame nani. Katika Summerspace ya mwaka 1958, Rauschenberg alipaka pazia la nyuma vidoadoa vya rangi na kuvipaka hivyohivyo kwenye maleba, hata mchezaji anayesimama tuli akawa kama ameyeyukia ukutani.

Miaka hiyo ilikuwa ya ukata. Kundi zima, pamoja na wanamuziki na mtu wa taa, lilisafiri Marekani ndani ya basi dogo la Volkswagen, Cage akiwa dereva na mara nyingi mpishi. Maonyesho yalikuwa machache, malipo kidogo, na watazamaji wengi walitoka kabla ya mwisho. Mwaka 1964 walifunga safari ya miezi sita ya kuzunguka dunia, Ulaya hadi India, Thailand na Japani. Paris walirushiwa nyanya. London, kinyume chake, iliwapokea kwa shangwe, na ni London iliyowafanya Wamarekani waanze kulichukulia kundi lao kwa uzito. Safari hiyohiyo iliwagawa: Rauschenberg alipata tuzo kubwa ya uchoraji Venice katikati ya ziara, macho ya dunia yakamhamia, na baada ya kurudi nyumbani yeye na wachezaji kadhaa hawakuendelea na kundi.

Vienna, katika safari hiyo, kilitokea kitu kilichokuja kuwa muhimu kuliko tuzo yoyote. Walitakiwa kucheza kwenye jumba la makumbusho lisilo na jukwaa la kawaida. Cunningham akachukua vipande vya dansi mbalimbali, akaviunganisha kuwa onyesho moja lisilo na mapumziko, tarehe 24 Juni 1964. Akaliita Event, yaani tukio, na hadi mwisho wa maisha yake kundi lilifanya matukio kama hayo mamia kwa mamia: katika uwanja wa Mtakatifu Marko mjini Venice, kwenye magofu ya Persepolis nchini Iran, ndani ya stesheni ya treni ya Grand Central New York. Kila tukio lilikuwa na mpangilio wake, muziki wake, mahali pake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo njia ya kwanza ya uhifadhi aliyoibuni, ingawa hakuiita hivyo. Dansi ambayo isingeonyeshwa tena nzima iliendelea kuishi kwa vipande. Wachezaji wapya walijifunza dakika tatu za dansi ya miaka ishirini iliyopita, na dakika tatu hizo zikawa zimeokoka.

Mwaka 1971 kundi lilihamia ghorofa ya 11 ya jengo la Westbeth, upande wa magharibi wa Manhattan. Jengo hilo zamani lilikuwa maabara ya kampuni ya simu ya Bell, na lilikuwa limegeuzwa kuwa makazi ya wasanii. Studio ilikuwa pana, yenye madirisha makubwa yaliyoingiza mwanga wa mto Hudson. Kwa miaka 40 hapo ndipo palipokuwa moyo wa kazi. Maonyesho yalionekana Paris na Tokyo, lakini dansi zilikaa Westbeth, na zilikaa kwa sababu ya darasa.

Darasa la Cunningham linastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa hapo ndipo hadithi hii ilipo. Katika darasa la Graham wanafunzi huanza wameketi sakafuni. Kwa Cunningham walianza wakiwa wamesimama, miguu chini ya nyonga, na kazi ya kwanza ilikuwa mgongo. Mgongo hukaa wima, hujikunja mbele, hupinda nyuma kifua kikiangalia juu, hujisokota, huinama upande. Nafasi hizo tano hurudiwa kwa viungo vilivyotulia, kisha kwa mwendo, kisha huku miguu ikifanya kazi nyingine kabisa, yenye kasi na ukali wa miguu ya baleti. Mwili wa juu unakwenda njia yake, wa chini njia yake, na akili inakaa katikati ikiviangalia vyote viwili. Hakuna fimbo ya kushikilia ukutani. Mwanamuziki hupiga muziki pembeni, lakini hesabu zinabadilika: tano, saba, sita, kisha tano tena. Baada ya saa moja na nusu mwanafunzi amevuka ukumbi mara nyingi kwa miruko, na kila mara ameelekea upande ambao hakuutarajia.

Walikuja watu wa kila aina: wachezaji wa kundi, vijana kutoka Ulaya na Asia waliolipia masomo, watu wazima ambao hawakuwa na nia ya kupanda jukwaani. Wote walifanya mazoezi yaleyale. Wachache waliochaguliwa waliingia katika kikundi cha akiba, wakakaa nyuma ya wachezaji wakijifunza dansi za zamani, wakisubiri nafasi. Kwa hiyo dansi ya mwaka 1958 haikuhitaji kufukuliwa kila ilipotakiwa. Daima palikuwapo mwili fulani chumbani mle uliokuwa ukiijua, na mwili mwingine uliokuwa ukiisomea kwake.

Kwa kumbukumbu za karatasi, kundi lilikuwa na bahati ya David Vaughan. Mwingereza huyo alianza kufanya kazi za ofisi za studio mwaka 1959, akawa anaweka kila programu, kila picha, kila kipande cha gazeti, mpaka mwaka 1976 akatambuliwa rasmi kuwa mtunza nyaraka. Katika makundi ya dansi ya Marekani cheo hicho kilikuwa kigeni. Bila Vaughan tungekuwa na masimulizi tu ya miaka ile ya Volkswagen.

Kamera nayo iliingia mapema. Charles Atlas, aliyekuwa msaidizi wa jukwaa, akawa mtengeneza filamu wa kundi katika miaka ya 1970, na Cunningham akajifunza kuangalia kupitia lenzi. Aligundua kwamba jukwaa ni pana mbele, lakini picha ya kamera huwa nyembamba karibu na kupanuka kadiri inavyokwenda mbali, basi akatunga dansi kwa ajili ya umbo hilo. Baadaye, mikono na magoti yalipoanza kumsumbua, akageukia kompyuta. Programu iitwayo LifeForms, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Canada, ilimruhusu kuisogeza sanamu ya mtu kwenye skrini kiungo kimoja kimoja. Alikuja studioni na miguu kwanza, akaifundisha, kisha kiwiliwili, mwisho mikono, ambayo mara nyingi haikuwa na uhusiano wowote na miguu. Wachezaji walitoa jasho kuviunganisha. Zao la njia hiyo ni BIPED ya mwaka 1999, ambamo michoro ya miili iliyotokana na wachezaji wa kweli hupita juu ya pazia jembamba mbele ya wachezaji wenyewe. Cunningham alikuwa na miaka 80 alipoitunga, na naithamini kuliko dansi zote za uzee wake.

Hakuacha kubahatisha. Oktoba 2003, katika ukumbi wa BAM huko Brooklyn, aliweka mezani jozi tano: sehemu mbili za dansi, muziki wa aina mbili uliotungwa na bendi za Radiohead na Sigur Rós, mandhari mbili, maleba ya aina mbili, mwanga wa aina mbili. Kabla ya pazia kufunguliwa, dado zilirushwa mbele ya watazamaji ili kuamua kipi kitangulie. Dansi hiyo, Split Sides, ina sura 32 zinazowezekana, na zote ni halali. Jiulize sasa, mtunza kumbukumbu aandike nini? Akirekodi onyesho moja amehifadhi sura moja kati ya 32. Kitu anachopaswa kukihifadhi ni kanuni, vijenzi, na ruhusa ya kurusha dado.

Cage alikuwa amekwisha kufariki, Agosti 1992. Cunningham aliendelea miaka 17 zaidi, akifundisha na kutunga, mwishoni akiwa katika kiti cha magurudumu. Tarehe 16 Aprili 2009, siku aliyotimiza miaka 90, kundi lilionyesha dansi mpya iliyoitwa Nearly Ninety. Miezi miwili baadaye taasisi yake ikatangaza mpango wa urithi. Tarehe 26 Julai 2009 akafariki nyumbani kwake New York.

Mpango wenyewe ulikuwa wazi kama hati ya mirathi inavyopaswa kuwa. Kundi lingefanya ziara ya mwisho ya dunia kwa miaka miwili, kisha lingefungwa. Wachezaji, wanamuziki na wafanyakazi wangelipwa fedha za kuwasaidia kuanza maisha mapya, jambo ambalo wachezaji dansi hawalijui kabisa, maana kwa kawaida huondoka na magoti mabovu na cheti cha shukrani. Taasisi ingevunjwa, na mali zake kwenda kwa ule wakfu wa mwaka 2000. Na kwa kila dansi ambayo kumbukumbu zake zinatosha lingetengenezwa kasha: video za onyesho na za mazoezi, sauti, michoro ya taa, picha na maelezo ya maleba na mandhari, na madokezo ya mkono ya Cunningham mwenyewe, yaliyojaa vijitu vya mistari na mishale. Makasha yaliyokamilika yalikuwa 86.

Tusimame kidogo kwenye idadi hiyo. Cunningham alitunga dansi takribani 180. Makasha 86 ni chini ya nusu. Nyingine zilichezwa enzi ambazo hakuna aliyekuwa na kamera, nyingine madokezo yake hayasomeki, na waliozicheza walisahau au walifariki. Hakuna wakfu wala fedha inayoweza kuzirudisha hizo. Mpango uliosifiwa duniani kote kuwa mfano wa uhifadhi ulianza kwa kukiri upotevu mkubwa, na kwangu mimi ukweli huo ni sehemu ya heshima yake.

Ziara ilianza Februari 2010 mjini Columbus, Ohio. Robert Swinston, aliyeingia kundini mwaka 1980 na kuwa msaidizi wa Cunningham kwa miaka mingi, ndiye aliyeongoza dansi. Walifufua tungo zilizokuwa zimelala, kama Antic Meet ya mwaka 1958, ambamo mwanamume hucheza na kiti alichokifunga mgongoni, na Roaratorio ya mwaka 1983. Wachezaji wa kipindi hicho walikuwa vijana waliochaguliwa na Cunningham mwenyewe katika miaka yake ya mwisho, na walijua siku ambayo kazi yao ingekwisha. Mwisho ulikuwa kwenye jumba la zamani la mazoezi ya kijeshi la Park Avenue, New York, tarehe 29 hadi 31 Desemba 2011: matukio sita kwa siku tatu, majukwaa matatu kwa wakati mmoja, watazamaji wakitembea baina yake, tikiti kwa dola 10. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, Kundi la Dansi la Merce Cunningham likakoma kuwapo.

Nyaraka zilikwenda kwenye Maktaba ya Umma ya New York, tawi la sanaa za maonyesho. Mandhari na maleba, yakiwemo ya Rauschenberg, Jasper Johns na yale mapulizo ya rangi ya fedha ambayo Andy Warhol aliyatoa kwa RainForest ya mwaka 1968, yalinunuliwa na makumbusho ya Walker mjini Minneapolis. Studio ya Westbeth ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2012. Na nani akahamia mle? Kundi la Martha Graham, lile lililokuwa limepona kesi yake. Oktoba mwaka huohuo kimbunga Sandy kikapandisha maji ya Hudson hadi kwenye ghala la chini, na mandhari na maleba ya Graham ya miongo mingi yakaharibika vibaya. Nalitaja hili ili ionekane jinsi vitu vya dansi vinavyoweza kuangamia: mara kwa mahakama, mara kwa maji.

Sasa nirudi kwenye gharama. Ngoma nyingi za kwetu hazina kasha wala wakfu, lakini zina shughuli. Kuna jando na unyago, kuna harusi, kuna mavuno na msiba, na shughuli ikija lazima ngoma ichezwe, na mtoto atakayeicheza kesho yuko hapo anatazama. Shughuli ndiyo inayoihifadhi ngoma, na pale shughuli inapokufa ngoma huhamia jukwaani au hufa nayo. Dansi ya Cunningham haikuwahi kuwa na shughuli ya namna hiyo. Haikuozesha wala kumzika mtu. Kilichoshika nafasi ya shughuli ni darasa la kila siku pale ghorofa ya 11, watu walewale wakirudi asubuhi kuinama upande na kunyooka. Kundi lilipofungwa, makasha yalibaki, hakimiliki zikabaki, lakini chumba kile ambamo mwili mmoja uliusomea mwingine bila kupanga hakikubaki. Wakfu ulilijua hilo, na ndiyo sababu uliendelea kuandaa madarasa katika kumbi za kukodi jijini, kwanza City Center. Lakini darasa la kukodi ni darasa bila dansi za jioni, bila akiba inayosubiri nyuma ya ukumbi.

Hata hivyo nasema uamuzi ulikuwa wa haki, na sababu yangu ni hii. Kundi linaloendelea bila mtunzi wake hulazimika kuchagua: ama ligeuke jumba la makumbusho linalotembea, ama liajiri watunzi wapya na kubakiza jina la marehemu mlangoni kwa ajili ya kuuza tikiti. Cunningham, ambaye kila mwaka alitunga kitu kipya na hakupenda kutazama nyuma, asingefaa kwa hali yoyote kati ya hizo. Aliwaachia wengine dansi zake wazicheze katika makundi yao, na hakuwaachia mtu yeyote kazi ya kujifanya yeye.

Jinsi inavyofanyika ni hivi. Kundi la baleti, au chuo, linaomba ruhusa ya kucheza, tuseme, Sounddance ya mwaka 1975. Wakfu unatoa kasha na kumtuma aliyewahi kuicheza. Anafika, na kabla ya kufundisha hatua hata moja anafundisha darasa, wakati mwingine kwa siku kadhaa, kwa kuwa mwili usiojua kukunja mgongo juu ya mguu mmoja hauwezi kuziingia hatua zile, utazipita juujuu. Video inaonyesha mkono uko wapi. Haionyeshi uzito uko mguu upi, wala mchezaji alikuwa akimsikiliza nani, wala kwamba ile tofauti ndogo kwenye rekodi ya mwaka fulani ilitokana na sakafu yenye utelezi usiku ule na si ya kuigwa. Haya yako kichwani na nyongani mwa mtu, naye huyasema huku akisimama nyuma ya mwanafunzi na kumgusa ubavu.

Tarehe 16 Aprili 2019, miaka 100 tangu azaliwe, wakfu uliandaa jioni moja katika miji mitatu: ukumbi wa Barbican London, BAM huko Brooklyn, na chuo kikuu cha UCLA Los Angeles. Kila mji ulikuwa na wachezaji 25 na dansi 100 za mtu mmoja mmoja, zilizochomolewa katika tungo za maisha yake yote na kupangwa upya kama tukio. Wachezaji hao 75 walitoka kwenye baleti, kwenye dansi ya kisasa na kwenye mitindo ya mtaani. Kundi lake lenyewe lilikuwa limefungwa zaidi ya miaka saba. Lakini kila mmoja wao alifundishwa sehemu yake na mtu aliyewahi kusimama katika studio ya Westbeth, aliyepata hatua hizo kwa Cunningham au kwa aliyezipata kwake. Watu hao hawaongezeki tena. Wadogo kabisa miongoni mwao ni wale waliocheza usiku wa 31 Desemba 2011, na kazi iliyo mbele ya wakfu sasa ni kuwapata watakaofundishwa na hao kwa muda mrefu wa kutosha, si hatua za dansi moja kwa wiki tatu, bali darasa, mwaka baada ya mwaka, mpaka nao waweze kutumwa.